UZI: Chati za udhibiti kiwandani: vikomo vinatoka kwenye mashine, si kwenye mchoro

#1 Kipimo25

Wakuu, habari za kazi. Uzi huu ni wa chati za udhibiti, ile karatasi (au skrini) yenye mstari wa kati na mistari miwili ya vikomo inayobandikwa pembeni ya mashine. Viwanda vingi wanazo. Nyingi hujazwa ili mkaguzi akija azione, na ukizitazama nukta zimetulia kama maji mtungini huku pipa la vipande vibovu likijaa. Mara chache kosa huwa kwenye hesabu. Ama vikomo vimechukuliwa pasipo pake, ama sampuli imeokotwa ovyo, ama nukta ikitoka nje hakuna anayejua afanye nini.

Wazo lenyewe ni la Walter Shewhart wa Western Electric, Marekani, kwenye waraka mfupi wa tarehe 16 Mei 1924. Alisema hivi: hakuna mashine inayotoa vipande viwili sawasawa. Kuna kutofautiana kwa kila siku, kunakotokana na vitu vidogo vingi kwa pamoja (mtetemo, ugumu wa chuma unaopishana kidogo, mkono wa anayepima). Hizo ni sababu za kawaida. Halafu kuna sababu maalumu: kisu kimevunjika ncha, bechi mpya ya malighafi, bolti imelegea. Kazi ya chati ni kukuambia leo unashughulika na ipi, kwa sababu dawa zake hazifanani.

Nitumie mfano mmoja uzi mzima ili tusichanganyikiwe. Mhimili wa chuma unakerezwa, kipenyo kwenye mchoro ni 25.000 mm, ruhusa ni kuzidi au kupungua 0.050. Hatua:

1. Kila saa chukua vipande 5 vilivyotoka mfululizo kwenye mashine. Kundi moja hilo.
2. Piga wastani wa kundi (X̄), kisha kubwa toa ndogo (R).
3. Kusanya makundi 25 kabla ya kuchora kikomo chochote. Makundi 20 ndiyo ya chini kabisa.
4. Piga wastani wa X̄ zote na wastani wa R zote. Tuseme tumepata 25.004 na 0.022.
5. Kwa kundi la vipande 5 namba za kuzidishia (za jedwalini) ni A2 = 0.577, D4 = 2.114, D3 = 0.

Kikomo cha juu cha X̄: 25.004 + 0.577 × 0.022 = 25.0167
Kikomo cha chini cha X̄: 25.004 − 0.0127 = 24.9913
Kikomo cha juu cha R: 2.114 × 0.022 = 0.0465
Kikomo cha chini cha R: sifuri

Soma chati ya R kwanza. Ikiwa R imevurugika, vikomo vya X̄ havina maana, maana vimetokana na hiyohiyo R. Kundi lililotoka nje kwenye makundi 25 ya mwanzo usilifute kwa sababu tu linakukera. Tafuta sababu yake. Ukiipata na kuiondoa mashinani, litoe kundi hilo ukokotoe upya. Usipoipata, liache.

Kwa wanaotumia makundi ya ukubwa mwingine: vipande 2, A2 ni 1.880 na D4 ni 3.267, vipande 3, 1.023 na 2.574, vipande 4, 0.729 na 2.282, vipande 6, 0.483 na 2.004. Ukianza kuvuka vipande 10 achana na R, tumia mkengeuko sanifu (kipimo cha mtawanyiko kinachotumia vipande vyote) wa kila kundi, kwa kuwa R inaangalia vipande viwili tu vya pembeni na kupuuza vyote vya kati.

#2 ZamuYaUsiku

Mkuu Kipimo25, swali la kwanza. Mchoro unaruhusu 24.950 hadi 25.050. Kwa nini nisichore mistari hiyo kwenye chati ya X̄ nikamaliza? Mteja anadai mchoro, hadai A2. Hizo 24.9913 na 25.0167 zinambana opereta bure.

#3 Kipimo25

Swali zuri, na ndilo kosa linaloongoza. Twende na namba.

Sigma (mkengeuko sanifu) ya kipande kimojakimoja ni R̄ (wastani wa R zote) gawanya kwa d2, namba nyingine ya jedwalini, na d2 ya vipande 5 ni 2.326. Kwa hiyo 0.022 ÷ 2.326 = 0.00946 mm. Lakini kwenye chati hupigi nukta ya kipande, unapiga wastani wa vipande 5. Wastani hutawanyika kidogo zaidi: 0.00946 ÷ √5 = 0.0042.

Sasa tuseme kisu kimesogea na kipenyo cha katikati kimekuwa 25.035. Wastani za makundi zitacheza kati ya 25.022 na 25.048 hivi. Kwenye chati yako yenye mistari ya mchoro zote ziko ndani, opereta anaendelea na kazi. Ila kwa kipande kimojakimoja, kutoka 25.035 hadi ukingo wa 25.050 ni sigma 1.59 tu. Hiyo ni takribani asilimia 5.6 ya vipande vilivyozidi kipenyo. Vipande 56 katika kila 1,000, na chati haijasema neno.

Mchoro unauliza kama kipande kinafaa. Chati inauliza kama mashine imebadilika. Usiandike jibu la swali moja kwenye karatasi ya jingine. Ukitaka kuyakutanisha, mahali pake ni kwenye Cp (upana wa ruhusa ya mchoro ukilinganishwa na mtawanyiko wa mashine) na Cpk (hivyohivyo, ila kwa kuhesabu ukingo ulio karibu zaidi), na huko utaingia baada ya chati kutulia:

Cp = 0.100 ÷ (6 × 0.00946) = 1.76
Cpk = (25.050 − 25.004) ÷ (3 × 0.00946) = 1.62

Wateja wengi wanadai Cpk isipungue 1.33, na wengine 1.67 kwa vipimo vya usalama. Huyu amepita ya kwanza, ya pili ameikosa kidogo kwa sababu hajakaa katikati. Asogezwe kwa 0.004 atapita.

#4 Mkaguzi_Geji

Kabla hamjaenda mbali: mnapima kwa nini? Kwenye mfano huu R̄ ni 0.022. Mtu akitumia kaliipa ya venia inayosoma 0.02, R yake itakuwa 0, au 0.02, au 0.04. Basi. Thamani tatu tu chini ya kikomo cha 0.0465. Chati ya R itakuwa ngazi, na vikomo vyake vya uongo. Kanuni ya mkononi: R iweze kuchukua thamani zisizopungua tano ndani ya vikomo vyake. Kifaa kinachosoma 0.01 kinafika hapo kwa taabu. Maikromita ya 0.001 ndiyo ya kazi hii.

Usomaji mdogo pekee hautoshi. Fanya jaribio la geji: vipande 10 vinavyowakilisha upana wa uzalishaji, wapimaji 3, kila mmoja apime kila kipande mara 2 au 3 bila kuona namba za nyuma, na mpangilio wa vipande uchanganywe. Kutofautiana kunakotoka kwa geji na wapimaji kukiwa chini ya asilimia 10 ya kutofautiana kote, vizuri. Kati ya 10 na 30, inategemea uzito wa kipimo. Ikivuka 30, usichore chati, rekebisha geji kwanza, la sivyo mtakuwa mnaifuatilia mikono ya wapimaji.

Na joto! Chuma hutanuka kama mikromita 11.5 kwa kila mita kwa kila nyuzi. Mhimili wa 25 mm uliotoka kwenye kisu ukiwa na nyuzi 20 zaidi ya chumba ni mnene kwa karibu 0.006 mm. Toka mstari wa kati hadi kikomo ni 0.0127. Yaani nusu ya nafasi yako imeliwa na joto. Zamu moja ikipima papo hapo na nyingine ikisubiri vipoe, mtaona "tofauti ya zamu" ambayo haipo. Amueni: vipande vikae juu ya bamba la chuma muda uleule kila mara, ndipo vipimwe.

#5 Kalibu8

Nije na upande wa plastiki. Kalibu ina matundu 8, kila pigo linatoa vifuniko 8. Kundi langu ni vifuniko 8 vya pigo moja, napima uzito. Chati ni nzuri ajabu, nukta zote zimejibana karibu na mstari wa kati, hakuna hata moja iliyokaribia kikomo. Lakini malalamiko ya vifuniko vyepesi yapo. Tatizo ni nini?

#6 Sigma_Tatu

@Kalibu8 chati nzuri ajabu ni chati ya kutiliwa shaka. Matundu 8 hayafanani kamwe: lango la tundu moja pana kidogo, jingine liko mbali na njia ya plastiki, jingine linapoa haraka. Tofauti hizo ni za kudumu, na wewe umeziweka zote ndani ya kundi. R inakuwa kubwa kwa sababu ya tofauti ya tundu na tundu, vikomo vya X̄ vinapanuka, na kutofautiana kwa pigo hadi pigo kunaonekana kadogo ndani ya uwanja mpana. Ndiyo maana nukta zimejibana. Nukta 15 mfululizo ndani ya sigma moja ya mstari wa kati ni ishara kama zilivyo ishara nyingine, ila watu huifurahia badala ya kuishtukia.

Kanuni ya kuunda kundi: ndani ya kundi kuwe na sababu za kawaida peke yake, kile unachotaka kukikamata kiangukie kati ya kundi na kundi. Kwa hiyo usichanganye matundu, vichwa vya kujazia, mashine mbili, wala zamu mbili kwenye kundi moja.

Kwako wewe fanya hivi. Kwa wiki ya kwanza pima matundu yote, yaandike yakiwa na namba, na upige wastani wa kila tundu. Utaliona jepesi. Hilo ni kazi ya fundi kalibu, chati haitalitibu. Baada ya hapo chora wastani wa pigo (vifuniko 8) kama namba moja kwenye chati ya thamani mojamoja, na pembeni chora tofauti ya tundu zito na jepesi. Chati ya kwanza inakuambia kuhusu shinikizo, joto na malighafi. Ya pili inakuambia kuhusu kalibu.

#7 ZamuYaUsiku

Hiyo chati ya thamani mojamoja inakokotolewaje? Na sisi wenye tanuri, bechi moja ni kipimo kimoja, hakuna kundi.

#8 Sigma_Tatu

Chukua tofauti ya kila kipimo na kilichotangulia, bila alama ya kutoa. Piga wastani wa tofauti hizo. Vikomo vya thamani: wastani kuzidi na kupungua 2.66 × wastani wa tofauti. Kikomo cha juu cha tofauti: 3.267 × wastani wake. Ikiwa wastani wa tofauti ni nyuzi 0.8, vikomo viko nyuzi 2.13 kila upande na tofauti isivuke 2.61.

Tahadhari mbili. Kwanza, kwenye lahajedwali watu hubonyeza mkengeuko sanifu wa safu nzima na kuzidisha kwa 3. Usifanye hivyo. Mashine ikiwa ilihama katikati ya data, kuhama huko kunaingia kwenye sigma, vikomo vinatanuka na kumeza ishara yenyewe uliyokuwa unaitafuta. Tofauti ya jirani na jirani haidanganywi kirahisi hivyo. Pili, ukipima kitu kinachobadilika polepole kila baada ya sekunde chache, mfano joto la tangi kubwa, kipimo cha sasa ni karibu kilekile cha nyuma. Tofauti zinakuwa ndogo mno, vikomo vinabana, chati inapiga kelele kutwa. Hapo ongeza muda kati ya vipimo hadi jirani waache kufuatana.

#9 HesabuKasoro

Wengine hatupimi, tunahesabu. Niweke la kwetu kwa ufupi, maana wengi huchagua chati isiyo yao.

Ukihesabu vipande vibovu kati ya vilivyokaguliwa, tumia chati ya p. Ukihesabu kasoro, ambapo kipande kimoja kinaweza kuwa na kasoro nyingi (mikwaruzo kwenye bamba, matundu kwenye rangi), tumia chati ya c eneo likiwa lilelile, au u likibadilika. Vikomo vya c ni wastani kuzidi na kupungua mara 3 ya kipeuo cha pili cha wastani: wastani wa kasoro 9 unakupa 0 hadi 18.

Kwa p: vipande 200 kwa zamu, wastani wa ubovu asilimia 3. Sigma ni √(0.03 × 0.97 ÷ 200) = 0.0121. Kikomo cha juu ni asilimia 6.6, yaani vibovu 14 au zaidi ndiyo ishara. Cha chini kinaangukia chini ya sifuri, kwa hiyo hakipo. Maana yake chati hii haiwezi kukuonesha kuboreka kwa nukta moja. Ukitaka kikomo cha chini kiwepo, sampuli izidi 9 × 0.97 ÷ 0.03, yaani vipande 291.

Upande wa pili kuna mtego wa sampuli kubwa. Ukikagua 5,000 kwa zamu, vikomo vinakuwa asilimia 2.28 hadi 3.72, na nukta nyingi zinaweza kutoka nje. Si kwamba kiwanda kimechanganyikiwa. Fomula inadhani nafasi ya ubovu ni ileile kabisa kila zamu, na kwenye malighafi ya kweli si hivyo. Ukubwa wa sampuli ukiwa unakaribiana, chukua hizo asilimia na uzitie kwenye chati ya thamani mojamoja ya Sigma_Tatu. Ukitofautiana sana ipo njia ya Laney ya mwaka 2002 inayofanya marekebisho hayo.

Na kama kitu kinaweza kupimwa, kipime. "Nzuri/mbovu" inapoteza taarifa nyingi. Vipande 5 vilivyopimwa vinaona mashine ikihama kabla haijatoa kibovu hata kimoja. Kuhesabu vibovu kunaona baada ya kuvitoa.

#10 Kerezo_Mkongwe

Mengi mazuri humu, ila nipinge jambo. Programu za siku hizi zinakuja na kanuni nane zimewashwa zote: nukta nje ya sigma 3, mbili kati ya tatu nje ya sigma 2, nne kati ya tano nje ya sigma 1, tisa upande mmoja, sita zinazopanda mfululizo, kumi na nne za kupanda na kushuka, na kadhalika. Opereta anapata kengele kila siku, anazizima zote. Mimi nasema kanuni moja: nje ya kikomo. Basi.

#11 Kipimo25

Nusu nakubali, mkuu wangu. Kanuni ya kikomo peke yake, mashine ikiwa shwari kabisa, hutoa kengele ya uongo kwa wastani mara moja katika nukta 370. Ukichukua kundi kila saa kwa saa 24, ni kama siku 15. Ukiziongezea zile za Western Electric (2 kati ya 3, 4 kati ya 5, na 8 upande mmoja), inakuwa mara moja katika nukta 92 hivi, yaani chini ya siku 4. Ukiwasha zote nane ni mbaya zaidi. Hapo uko sahihi.

Lakini kanuni moja ina kiza chake. Kundi la vipande 5, mashine ikihama kwa sigma moja ya kipande, inahitaji makundi 4.5 kwa wastani ndipo nukta itoke nje. Ikihama sigma 1.5, makundi 1.6. Sasa inategemea una nafasi kiasi gani. Kwenye mhimili wetu wenye Cpk 1.62, kuhama sigma moja bado kunaacha sigma 3.86 hadi ukingo wa mchoro, karibu hakuna kibovu. Saa nne na nusu si kitu. Mashine yenye Cpk 1.0 ikihama hivyohivyo inabaki na sigma 2, inatoa asilimia 2.3 ya vibovu saa zote hizo.

Kwa hiyo: Cpk kubwa, kanuni ya kikomo na ya nukta 8 upande mmoja zinatosha. Cpk ndogo, ongeza 2 kati ya 3. Ile ya nukta sita zinazopanda mimi huizima, kwa kuwa inaongeza kelele kuliko inavyosaidia.

#12 Sigma_Tatu

Naongeza: anayehangaika na kuhama kudogo kwenye thamani mojamoja asirundike kanuni, abadilishe chati. Wastani wenye kumbukumbu: nukta mpya = 0.2 × kipimo cha sasa + 0.8 × nukta iliyopita. Anzia kwenye lengo. Vikomo vyake kwa sigma 3 vinaangukia sigma moja kamili ya kipimo kila upande, rahisi kukumbuka. Kuhama kwa sigma moja, chati ya kawaida ya thamani mojamoja hungoja nukta 44 kwa wastani. Hii hungoja kama 10.

#13 ZamuYaUsiku

Haya, la kivitendo. Opereta wetu akiona X̄ iko 25.010, juu ya lengo, anazungusha ofseti (marekebisho ya nafasi ya kisu) kurudisha 0.010. Kila saa anarekebisha. Nidhamu nzuri au siyo?

#14 Kerezo_Mkongwe

Si nidhamu, ni kuipiga mashine makofi. 25.010 iko ndani ya vikomo. Hiyo 0.010 imetoka kwenye mchanganyiko wa sababu za kawaida, kundi lijalo lingeweza kuwa 25.001 bila kuguswa. Ukirekebisha kila kipimo kwa kiasi kilekile ilichokosea, mtawanyiko wa kinachosahihishwa unapanda: sigma inazidishwa kwa 1.41. Deming, yule mtaalamu wa ubora wa Marekani, alikuwa akilionesha hili kwa faneli na gololi mezani, anasogeza faneli kila gololi ikikosa alama, na gololi zinatawanyika kuliko angeiacha imetulia. Mashine inayorekebishwa hivyo kwa kila kipande, Cp 1.76 inashuka hadi 1.25. Umelipa mtu afanye kazi ya kuongeza vibovu.

Mashine ikae bila kuguswa mpaka ishara itoke. Ikitoka, ofseti irekebishwe kwa wastani wa makundi, si kwa kipande kimoja. Baada ya kubadili kisu: kata vipande 5, piga wastani, ukiwa kati ya 24.9913 na 25.0167 toa mkono.

Ila nanyi wa vitabuni mmesahau kisu huisha! Kukereza nje, kisu kikilika kipenyo kinakua. Kutoboa ndani, tundu linapungua. Mstari wa kati ulionyooka hauwezi kukaa hapo.

#15 Kipimo25

Kweli, hilo tulilipita. Kisu kinacholika ni sababu inayojulikana na huwezi kuiondoa, kwa hiyo iweke ndani ya chati. Chora mstari wa kati ulioinama kufuata mlikaji, na vikomo sambamba nao kwa A2 × R̄ (0.0127) kila upande. Kinachotafutwa sasa ni nukta inayoiacha njia hiyo: kisu kinacholika haraka kuliko ada ni chuma kigumu au kipoza kimekatika.

Kiwango cha kuruhusu: acha sigma 4 kutoka kila ukingo wa mchoro ili Cpk isishuke chini ya 1.33. Sigma 4 ni 0.0378. Anza kisu kwenye 24.988, rekebisha kikifika 25.012. Nafasi ni 0.024 mm. Kikilika 0.002 kwa kila vipande 100, unarekebisha kila vipande 1,200, na unarekebisha kwa ratiba badala ya kubahatisha. Sigma hapa lazima itoke kwenye R̄, kamwe isitoke kwenye safu nzima, maana safu nzima ina mlikaji ndani yake.

#16 Mkaguzi_Geji

Tumefika kwenye penye uzito: nukta imetoka nje, saa nane usiku, msimamizi hayupo. Bila karatasi ya hatua pembeni ya chati, opereta atachukua sampuli nyingine hadi apate nukta inayompendeza. Karatasi iseme:

Kwanza geji. Futa nyuso zake, hakiki sifuri kwa kipande cha rejea, pima tena vipande VILEVILE. Namba ikibadilika, kosa ni la upimaji, andika hivyo.

Namba ikibaki, simamisha mashine, na tenga kila kitu kilichotoka tangu nukta ya mwisho iliyokuwa ndani. Si tangu sasa. Hapa watu huokoa muda na kupoteza shehena.

Kisha tafuta kwa kufuata sura ya ishara. X̄ imeruka na R imetulia: kitu kimehamisha vyote pamoja. Angalia ofseti, kisu kilichobadilishwa, bechi ya malighafi, kipoza, joto. R imeruka na X̄ imetulia: kitu kimelegea au kimechanganyika. Angalia taya za kushikia na vichele (mabaki ya chuma kilichokatwa) vilivyonasa humo, beringi ya spindeli, kisu kilichopasuka, malighafi ya aina mbili. Vyote viwili vimeruka: anza na kisu.

Baada ya kurekebisha, kundi jipya la vipande 5 liingie ndani ya vikomo kabla ya kuendelea. Na kwenye chati, palepale kwenye nukta, andika saa, kilichokutwa, kilichofanywa. Maneno kama "imerekebishwa" yasikubalike. "Kichele kwenye taya namba 2" ndilo jibu. Mwezi ukiisha, hesabu sababu hizo: kwa kawaida mbili au tatu ndizo zinazojirudia, na huko ndiko pa kupeleka pesa na fundi.

#17 Kalibu8

Nimerudi. Nimetenganisha matundu kama Sigma_Tatu alivyosema. Tundu namba 5 ni jepesi kuliko yote, wazi kabisa. Likirekebishwa, vikomo navyo nibadilishe?

#18 Sigma_Tatu

Ndiyo, hapo unabadilisha. Mashine imebadilishwa kwa makusudi, sababu inajulikana, na nukta zimekaa mahali papya. Zote tatu zitimie. Kusanya makundi 20 mapya, kokotoa, andika tarehe ya vikomo vipya kwenye chati. Usikokotoe upya kila mwezi kwa mazoea. Vikomo vinavyoifuata mashine huzeeka nayo, na mashine iliyochakaa itaonekana shwari siku zote.

#19 HesabuKasoro

Na chati ngapi kiwandani? Nimeona mahali pana chati 60 kwenye laini moja.

#20 Kerezo_Mkongwe

Sitini hakuna anayezisoma. Anza na kasoro mbili zinazokula vipande vingi zaidi, uulize kila moja inazaliwa wapi. Kifuniko chepesi hakizaliwi kwenye mizani, kinazaliwa kwenye shinikizo la kushikilia na joto la plastiki. Chora hizo mbili pale mashinani, na uzito mara moja kwa saa kuthibitisha. Chati ambayo ishara yake haina hatua ya kuchukua, ing'oe ukutani.

#21 ZamuYaUsiku

Basi ninazong'oa ni nyingi. Naanza na ile ya mistari ya mchoro.